Uza Kazi ya Mkono, Usimuuze Mtakatifu

Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia vya Kabianga na vigango vya jirani, juu ya mradi wa kutengeneza rozari. Tunaichapisha kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika.

 

 Tunajua wengine wenu mmeacha majani shambani, kwa hiyo hatutawachelewesha.

Vikundi kadhaa vimetuletea ombi moja. Mnataka kutengeneza rozari zenye alama za watakatifu, mziuze, kikundi kipate pesa. Mmetuuliza maswali matatu. La kwanza, je, ni halali kufanya biashara na kitu cha sala? La pili, je, kweli kuna faida? La tatu, tufanyeje ili mradi usife kabla ya mwaka kuisha? Tutayajibu yote, na wale wenye kalamu waandike.

Kwanza tukumbushane kwa nini jambo hili ni zito. Sisi wa Kabianga tunaishi kwa majani chai. Mwenye shamba anangoja malipo ya kila mwezi, halafu anangoja bonasi ya mwezi wa kumi. Bonasi ya huku kwetu magharibi ya Bonde la Ufa imekuwa ndogo kuliko ya wenzetu wa upande wa Mlima Kenya, na kila mwaka tunalia. Waliotegemea kibarua katika mashamba makubwa wameona mashine za kuchuma zikiingia, na mwaka 2023 hasira ilifika mpaka mashine zikachomwa moto hapa Kericho. Na nyumbani mnajua wenyewe: mara nyingi anayechuma ni mama, lakini jina lililoandikwa kiwandani ni la baba. Kwa hiyo shilingi 500 ambayo mama ameipata kwa mkono wake mwenyewe si pesa ndogo. Ni daftari la mtoto, ni dawa, ni heshima. Ndiyo maana hatutaki mradi huu uwe mchezo.

1. TUJUE KWANZA TUNATENGENEZA NINI

Rozari si mkufu wa shingoni. Ni chombo cha kuhesabia sala. Fundi wa kiti asipojua watu hukaa namna gani atatengeneza kiti kibovu, na fundi wa rozari ni vivyo hivyo.

Tuanze kwenye msalaba, ambapo Mkristo husali Nasadiki. Inafuata punje moja kubwa ya Baba Yetu, punje tatu ndogo za Salamu Maria, halafu kubwa moja tena. Hapo tunafika kwenye medali inayounganisha. Kutoka kwenye medali tunazunguka makumi matano, na kati ya kumi na kumi kuna punje moja kubwa. Hesabuni pamoja nasi: punje ndogo 53, punje kubwa 6, jumla 59.

Mtu atasema, punje moja ikipungua nani ataona? Jibu ni kwamba bibi yetu ataiona. Yeye husali usiku taa ikiwa imezimwa, na vidole vyake ndivyo macho yake. Ukimpa kumi lenye punje tisa, umempotosha katikati ya sala yake. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kikundi iwe hii: rozari huhesabiwa na watu wawili kabla ya kufungwa. Aliyetunga anahesabu, na mwenzake anahesabu tena.

Mikono yetu haikuanza leo kushika shanga. Mama zetu walipamba sotet ya mursik kwa shanga na kauri kabla sisi hatujazaliwa. Kazi mpya ni hesabu na maana yake tu.

2. JE, NI HALALI?

Ndiyo, ni halali. Mtu anayetunga rozari anastahili ujira kama seremala anayetengeneza benchi la kanisa. Lakini kuna mipaka mitatu, na hii mipaka si ya kuruka.

Mpaka wa kwanza: tunauza rozari ambayo haijabarikiwa. Kanisa linafundisha kwamba kitu cha ibada kilichobarikiwa kikiuzwa, rehema iliyoambatanishwa nacho hukoma. Kwa hiyo msimpelekee padri kapu zima abariki kabla ya soko, mkidhani mtapandisha bei. Mwambieni mnunuzi, "Mama, hii bado haijabarikiwa. Mpe padri wako baada ya Misa." Hiyo ni lugha ya ukweli, na mnunuzi atawaheshimu.

Mpaka wa pili: rozari si hirizi. Tusisikie mtu sokoni akisema hii ya mtakatifu fulani inaponya sukari, ile inaleta mume, nyingine inazuia ajali ya matatu. Mkisema hivyo mnauza uongo kwa jina la mtakatifu. Tunachouza ni uzi, punje, hesabu sahihi na masaa ya mtu. Mtakatifu hatumuuzi, maana si mali yetu.

Mpaka wa tatu: asilazimishwe mtu. Katika vikundi vyetu wapo wanachama wa African Gospel, wa Adventista na wengine ambao hawasali rozari. Mwenzetu wa namna hiyo anaweza kushughulika na mapambo ya kibuyu, vishikio vya funguo au bangili, na bado pesa ziingie sanduku moja.

3. ALAMA ZA WATAKATIFU

Hapa ndipo wengi mna hamu. Mnataka rozari ya kikundi chenu iwe tofauti na ile ya plastiki inayotoka ng'ambo na kuuzwa bei ya chini. Mko sawa kabisa. Kwa bei hamtaishinda plastiki, lakini mnaweza kuishinda kwa nguvu ya uzi, kwa uzuri, na kwa habari ya kweli iliyomo ndani yake. Kwa hiyo kila alama iwe na sababu. Mtu akiuliza, "Kwa nini rangi hii?", mwanachama yeyote aweze kujibu kwa sentensi mbili. Tutatoa mifano ya watakatifu wa Afrika na waliofanya kazi Afrika, maana hao wako karibu na maisha yetu.

Mashahidi wa Uganda. Ni vijana na wanaume 22 Wakatoliki waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887, wakiongozwa na watu kama Karoli Lwanga. Wengi walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, wakiwa wamefungwa ndani ya mikeka ya matete. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Mnaweza kuweka punje sita za Baba Yetu nyekundu, rangi ya mashahidi, na zile 53 ziwe na rangi ya matete makavu.

Mtakatifu Josephine Bakhita. Alizaliwa Darfur, Sudan, karibu mwaka 1869. Aliibwa akiwa mtoto, akauzwa mara kadhaa kama mtumwa, akapigwa mpaka mwili ukabaki na makovu. Mwishowe alifika Italia, akawekwa huru, akabatizwa mwaka 1890 na kuwa mtawa. Alifariki tarehe 8 Februari 1947, akatangazwa mtakatifu mwaka 2000. Sisi tunapendekeza rozari yake isiwe na cheni hata kidogo. Iwe ya uzi uliofungwa mafundo. Mtu akiuliza cheni iko wapi, mwambieni Bakhita alifunguliwa.

Mwenyeheri Isidori Bakanja wa Kongo. Huyu tungependa wafanyakazi wa mashamba wamjue zaidi. Alikuwa kijana msaidizi wa mwashi, akabatizwa mwaka 1906. Baadaye akafanya kazi kwa wazungu wa kampuni ya mpira. Alikuwa akivaa skapulari na kuwafundisha wenzake sala. Msimamizi alimwamuru aache, akakataa, akachapwa viboko vibaya sana mwaka 1909. Alikaa miezi mingi na vidonda vile, akamsamehe aliyempiga, akafariki tarehe 15 Agosti 1909. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994. Rozari yake iwe ya kahawia, rangi ya skapulari ya Karmeli, na karibu na medali mshone kipande kidogo cha kitambaa cha kahawia.

Mwenyeheri Irene Stefani. Ni sista Mkonsolata kutoka Italia aliyefika Kenya mwaka 1915. Aliwauguza wapagazi Waafrika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha akafanya kazi Gikondi, Nyeri, akitembea mguu kwa mguu kutoka boma hadi boma. Watu walimwita Nyaatha, mama mwenye huruma. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930 baada ya kuambukizwa tauni na mgonjwa aliyemhudumia, akatangazwa mwenyeheri Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Kijana anayejua kuchonga anaweza kuchonga kiatu kidogo cha mti, kikae pale medali inapokaa.

Mama wa Mateso wa Kibeho, Rwanda. Hii ni rozari ya namna nyingine: mafungu saba ya punje saba, kwa ajili ya mateso saba ya Bikira Maria. Ilijulikana sana huku kwetu baada ya matokeo ya Kibeho yaliyoanza tarehe 28 Novemba 1981, ambayo askofu wa Gikongoro aliyakubali mwaka 2001. Msiichanganye na ile ya makumi matano. Iwekeni katika sanduku lake na muiandike jina.

Kila rozari iende na kijikaratasi chenye jina la mtakatifu, sikukuu yake na sentensi mbili za maisha yake. Kabla ya kuchapa, mpelekeeni katekista au padri asome. Na muangalie neno: "mwenyeheri" bado si "mtakatifu". Msimpandishe mtu cheo ambacho Kanisa halijampa.

4. VIFAA, NA HATARI MOJA KUBWA

Vifaa si vingi: punje, uzi imara wa nailoni, msalaba, medali, mkasi, mshumaa wa kuchoma ncha ya uzi ili fundo lisifunguke, na koleo ndogo kwa wanaotumia waya. Punje mnaweza kuzipata kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kununua shanga mjini. Ni rahisi kuanza nayo, lakini pesa inatoka mfukoni kabla haijaingia.

Njia ya pili ni mbegu ya mmea ambao watu wengi duniani huuita machozi ya Ayubu. Ni nyasi ndefu, majani yake yanafanana na ya mahindi, na hupenda mahali penye maji. Mbegu yake ni ngumu, inang'aa, ya kijivu au nyeupe, na Mungu ameiwekea tundu tayari, ukiisukuma sindano inapita. Rozari za mbegu hii zimetengenezwa katika nchi nyingi. Vuna ikiwa imekomaa kabisa, kausha vizuri, na chagua zinazolingana. Panda kidogo karibu na kijito, na mwakani hutanunua shanga.

Njia ya tatu ni mti na mawe. Vijana wanaweza kuchonga punje za mti, na jirani zetu wa Tabaka, Kisii, wanajulikana kwa kuchonga mawe laini. Kikundi na kikundi vinaweza kuuziana.

Sasa sikilizeni vizuri, hasa wenye watoto wadogo. Kuna mbegu nyekundu nzuri yenye doa jeusi, hukua kwenye mmea unaotambaa. Zamani ilitumika sana kwa rozari, hata jina lake la kitaalamu linatokana na neno la sala. Mbegu hiyo ni sumu kali. Ikimezwa nzima huenda ikapita bila kudhuru, lakini ikitafunwa au ikiwa imetobolewa, inaweza kuua. Na sisi tunatoboa! Mtoto wa Misa hutia rozari mdomoni, ninyi mmeona. Mbegu ya mnyonyo nayo ni hivyo hivyo. Hizo mbili zisiingie katika kazi yetu hata kama zinapendeza namna gani, na hata kama mteja mwenyewe ameomba. Mbegu yoyote msiyoijua, iacheni.

5. BEI: HESABU MASAA YAKO

Hapa ndipo miradi mingi hufia. Mama ananunua vifaa, anatunga usiku, anauza, anaona noti mkononi anafurahi. Baada ya miezi mitatu hakuna vifaa na hakuna noti. Tufanye hesabu ya mfano. Bei za kwenu mtaziweka wenyewe.

Tuseme vifaa vya rozari moja ni shilingi 90. Bahasha na kijikaratasi, 10. Nauli ikigawanywa kwa kila rozari, 20. Hapo pesa iliyotoka ni 120. Kazi ni masaa mawili, na tuseme saa moja ni shilingi 50, kwa hiyo 100. Mfuko wa kikundi, 30. Jumla 250.

Sasa mteja anakuja anasema, "Nipe kwa 150, ile ya plastiki ni bei rahisi." Ukikubali, toa 120 ya gharama, unabaki na 30. Umefanya kazi masaa mawili kwa shilingi 30, yaani shilingi 15 kwa saa, na mfuko wa kikundi haukupata kitu. Si biashara hiyo. Umemlipa mteja achukue rozari yako.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Pale Karen, Nairobi, kiwanda cha shanga za udongo kinachoitwa Kazuri kilianzishwa na Susan Wood mwaka 1975 kikiwa na wanawake wawili tu. Kilikua mpaka kikaajiri mamia ya akina mama, wengi wao wakilea watoto peke yao. Shanga zile hazikujulikana kwa kuwa rahisi. Zilijulikana kwa sababu zimefanywa kwa mkono na zimefanywa vizuri. Nasi tujifunze hapo: rozari inayokatika kanisani wiki ya pili itaua soko la kigango kizima.

6. SOKO NA KALENDA

Tazameni jinsi Mungu alivyopanga. Mwezi wa kumi ni mwezi wa Rozari, na tarehe 7 ni sikukuu ya Bikira Maria wa Rozari. Mwezi huo huo ndio wa bonasi ya chai. Pia ni mwezi ambao mahujaji wa nchi nzima hukusanyika Subukia, Nakuru, kwenye kituo cha hija cha Bikira Maria, kwa siku ya sala ya taifa. Mwezi wa tano nao ni wa Maria.

Sasa majani hupungua lini? Wakati wa kiangazi cha Januari hadi Machi, na wakati wa baridi ya Julai na Agosti. Basi tungeni Januari na Februari, muuze mwezi wa tano. Tungeni Julai na Agosti, muuze mwezi wa kumi. Kazi ya shanga ijaze nafasi ambayo chai imeiacha, isigombane nayo.

Masoko mengine yako karibu: komunyo ya kwanza, kipaimara, harusi, hata mazishi, kwa kuwa familia nyingi hupenda marehemu alazwe na rozari mkononi. Kuna wanafunzi Wakatoliki wa Chuo Kikuu cha Kabianga na wa shule za sekondari. Kuna wageni wanaokuja kuona Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, Kericho, lililotabarukiwa mwaka 2015. Lakini msitandaze bidhaa mlangoni mwa kanisa bila ruhusa ya paroko. Ombeni kwanza.

7. PESA, DAFTARI NA NYUMBANI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kikundi kiwe na daftari lenye safu nne: vifaa vilivyotolewa, rozari zilizorudi, rozari zilizouzwa, na pesa iliyoingia. Kila mwanachama apokee punje kwa kuhesabiwa na arudishe rozari kwa kuhesabiwa. Ujira wa mkono ulipwe siku ya mkutano, mbele ya wote, kwa aliyetunga mwenyewe. Usimpe jirani, usimpe mtoto apeleke.

Akina baba mlio hapa, tunawaambia kwa heshima. Mkiona mama ana shilingi mia nne za rozari, msiulize "zangu ziko wapi". Kaeni chini, mpange pamoja. Na akina mama, msizifiche pesa mpaka zilete vita. Nyumba yenye siri mbili haijengi. Tumeona kwamba mradi ambao baba anaujua tangu siku ya kwanza hudumu kuliko ule anaougundua siku ya mwisho.

Tunamaliza. Anzeni na rozari kumi tu. Zisalini ninyi wenyewe kwa mwezi mmoja, muone fundo gani linalegea na punje gani inapauka. Mkisharekebisha, tengenezeni za kuuza. Rozari ikitoka mikononi mwenu iwe na hesabu kamili, uzi usiokatika, habari ya kweli na bei ya haki. Hapo mnunuzi atapata chombo cha sala, mama atapata ujira wake, na mtakatifu hatakuwa amesingiziwa kitu.

 

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Ni mtakatifu gani anayefanana na maisha ya watu wa kijiji chetu, na ni alama gani ingemwonyesha kwa ukweli?

2. Saa moja ya kazi yetu tunaithamini shilingi ngapi? Kila mmoja aseme, kisha tukubaliane.

3. Nani atakuwa mhesabuji wa pili wa kila rozari?

4. Mbegu gani zinazokua karibu nasi tunazijua kwa hakika, na zipi hatuzijui?

5. Pesa ya kwanza ikiingia, itafanya nini katika kikundi, na itafanya nini nyumbani?